Sauti Iliyolazwa

Kokubanza alikuwa mke wa Bartholomayo mpiga picha, na Bartholomayo alipofariki yeye ndiye akawa mpiga picha. Hakuna aliyemteua. Watu walifika tu pale studio, chumba kimoja mjini Bukoba chenye pazia la buluu na dirisha linalotazama njia ya sokoni, wakamkuta mjane amekaa kwenye kiti cha marehemu, wakasema, "Pole sana, mama. Jumamosi tuna harusi." Akachukua kamera, akaenda.

Harusi zenyewe hazikuwa nyingi miaka ile. Ukishika njia ya Muleba, au ukipanda kwenda Kashozi, kila kibanja ulichopita kilikuwa na udongo mpya katikati ya migomba, na juu yake msalaba wa mbao ambao haujapata mvua. Watu walisema "ugonjwa huu", wakaishia hapo. Kuna nyumba Kokubanza alizipigia harusi, kisha mazishi ya bwana harusi, kisha mazishi ya bibi harusi, kwa kamera ileile. Yeye mwenyewe hakuwa amekwenda kupima. Jioni alirudi kwake Buhembe, akapalilia maharage yake, Jumapili akaimba sauti ya pili kwaya ya Kilutheri, na kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta alifumba macho akasema, "Bwana, niongoze mkono."

Alikuwa na jambo moja la utotoni ambalo hakupenda kulisimulia. Vita vilipoingia Kagera mwaka wa sabini na nane alikuwa darasa la tatu, na kwao kulikuwa ng'ambo ya mto. Walikimbia kwa miguu, yeye na mama yake. Mama akaugua njiani, akafia Bukoba, kwenye darasa la shule ambamo wakimbizi walilazwa chini, madawati yamerundikwa ukutani. Picha ya mama haikuwepo. Kokubanza alikumbuka kitenge cha kijani, kisigino kilichopasuka, na harufu ya moshi. Sauti hakuikumbuka. Hata alipokuwa mtu mzima, alikuwa akikaa kanisani akiwasikiliza kina mama wa rika lile wakiimba, akiwajaribu mmoja mmoja kama mtu anayejaribu viatu: ilikuwa nyembamba hivi? Ilikuwa nzito hivi? Hakuna kilichomkaa.

Kompyuta Bartholomayo aliinunua imeshatumika, mwaka mmoja kabla ya kufa, na akamfundisha mkewe akiwa kitandani, meza imesogezwa hadi kwenye mto. Kokubanza alikuwa na elimu ya darasa la saba, lakini alielewa upesi kwa sababu aliona kazi ile inafanana na shamba. Kwenye skrini mambo yalikaa kwa mistari, mmoja chini ya mwingine, kama matuta. Tuta la juu lilikuwa picha. La chini yake sauti ya kamera. Chini tena kwaya, chini tena mahubiri, chini kabisa vilio. Bartholomayo aliiita treki; Kokubanza aliiita mistari tu. Ukiipanga sawasawa, mtu akitazama mkanda anaona msiba mmoja, hajui kwamba umelimwa kwa matuta mengi.

Kulikuwa na desturi moja ya studio ile, na chanzo chake kilikuwa hiki. Siku moja Bartholomayo alikuwa anatengeneza mkanda wa harusi ya binti ambaye alikuwa amezikwa wiki hiyo. Dirisha lilikuwa wazi. Akabonyeza, na bibi harusi akacheka, akawashukuru wageni. Mama mzazi wa yule binti alikuwa anapita nje na kapu lake kutoka sokoni. Akaingia. Hakusalimia. Akafunua pazia la buluu akatazama nyuma yake, akainama akatazama chini ya meza, kisha akakaa sakafuni.

Tangu hapo Bartholomayo akaweka sheria: mteja akifa, sauti yake inalazwa mpaka siku wenyewe watakapoiomba. Kulaza kulikuwa hivi. Kwanza unagusa alama ndogo ya spika mwanzoni mwa mstari, sauti inafungwa. Kisha unaifanya ile alama ipauke. Kisha unakwenda kwenye mshale mdogo wa pembe ya juu, kulia kabisa mwa ukurasa. Unafungua orodha ya amri, unachagua ile ya kuficha yote iliyopauka. Mstari unaondoka, na mistari mingine inasogeleana kana kwamba haujawahi kuwepo. Kuamsha ni kupitia mshale uleule. Kokubanza hakujua Kiingereza cha amri zile; alijua mahali zilipokaa, kama mtu anavyojua mahali pa chumvi jikoni kwake.

Basi, mwaka wa elfu mbili na tatu, aliitwa Ngenge, wilaya ya Muleba, na mwanamke aliyeitwa Skolastika.

Alimkuta amelazwa kwenye mkeka mlangoni, apate jua, amefunikwa shuka la mistari myekundu. Mumewe alikuwa ametangulia mwaka uliopita. Miguuni pake alilala mtoto wa kiume, Yoeli, ambaye hajaanza shule. Binti mkubwa, Felicitas, msichana wa darasa la sita, alikuwa anamenya ndizi huku akimtazama mgeni kwa jicho la pembeni.

"Umechelewa, Ma Kokubanza," Skolastika alisema. "Ungenipiga nilipokuwa na mashavu."

"Mashavu hayasemi kitu, waitu. Nimekuja kumpiga anayesema," Kokubanza alijibu kwa upole wa Kihaya.

"Huyo yupo. Huyo hata majirani wanamlalamikia." Akacheka, kikohozi kikamkata, wakangoja pamoja kipite. Kisha akasema, "Feli, nenda kisimani."

"Maji yapo, mama."

"Nenda ukalete mengine."

Binti alipoondoka, Kokubanza aliiweka kamera tayari. Kipaza sauti cha kamera ile kilikuwa kimekufa tangu mvua ilipoinyeshea harusi moja, kwa hiyo sauti aliichukua kwa redio kaseti, ambayo aliiweka karibu na mto. Baadaye, kwenye kompyuta, angeweka picha kwenye mstari wake na sauti kwenye mstari wake, zikutane.

Skolastika alianza kwa kujitaja jina, baba yake na ukoo wake, kama anavyojitaja mtu mbele ya wazee. Akasema watoto wake wasitenganishwe. Dada yake Rozi wa Kashozi amekubali kuwachukua wote wawili. Wakulie huko, na kibanja cha baba yao kitunzwe mpaka Yoeli aweze kukisimamia. "Shemeji yangu Ta Rwegasira ndiye mkubwa wa ukoo," alisema. "Nimemwambia siku ya kuanua matanga mtanisikia. Nisikieni basi."

Kisha akageuza macho. "Sasa, Ma Kokubanza, nina maneno na binti yangu."

Kokubanza aliacha mashine zikizunguka, akatoka, akasimama kwenye migomba mpaka alipoitwa. Wakati wa kuhamisha sauti ile kwenye kompyuta alishusha spika hadi chini, asisikie sehemu isiyo yake. Aliona tu ikipanda na kushuka kwenye mstari wake.

Na hapa ndipo alipofanya kosa, ingawa siku ile halikuwa kosa, lilikuwa mazoea. Kaseti nzuri zilikuwa adimu. Bartholomayo alimzoesha kwamba sauti ikishaingia kwenye kompyuta, kaseti inarudi kazini. Jumapili iliyofuata alirekodi kwaya yao juu ya ileile kaseti, kwa sababu alitaka wimbo mzuri wa kumwekea Skolastika mwishoni mwa mkanda wake.

Habari za kifo zilimfikia kwa dereva wa basi la Muleba. Kokubanza alifumba macho, akafungua kazi ya Skolastika na kuilaza sauti yake kama alivyofundishwa. Akaenda kuzika pamoja nao, akapiga picha za mazishi. Mkanda angeutoa siku za kukaribia kuanua matanga, watakapouomba.

Wiki ileile umeme wa mjini ulikatika, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi. Skrini ya kompyuta ilitoa mwanga mmoja mweupe, ikafa. Kompyuta yenyewe ilipona. Mustapha, mwenye duka la redio jirani, ambaye alikuwa anafungasha vitu vyake kuhamia visiwani, alimtolea stoo skrini ya zamani, ndogo, yenye vumbi.

"Inaona hii?" Kokubanza aliuliza.

"Inaona kidogo, kama babu yangu. Lakini inaona."

Siku moja kabla ya kuanua matanga akafungua kazi ya Skolastika. Picha ilikuwepo. Kwaya ilikuwepo. Mstari wa sauti haukuwepo, jambo alilolitegemea, kwa kuwa aliulaza mwenyewe. Akapeleka mkono kwenye mshale wa pembe ya juu kulia ili auamshe.

Mshale haukuwepo.

Akatazama tena. Pale mahali pake palikuwa ukingo wa skrini, plastiki tupu. Akashusha ukurasa chini kabisa, labda mstari umejificha chini ya mingine. Akakuta picha, akakuta kwaya, basi. Akaupandisha. Akafunga kazi akaifungua upya. Akazima kompyuta, akaomba, akaiwasha. Akajaribu kukuza, akajaribu kupunguza, mistari ikanenepa na kukonda, lakini ilibaki ileile miwili. Akabonyeza icheze: midomo ya Skolastika ikatembea bila mlio, na mwishoni ikasikika kwaya tu. Akachukua kaseti, ingawa alijua, akaiweka kwenye redio. Kwaya. Akageuza upande wa pili. Kwaya. Akajisikia mwenyewe humo ndani akiimba sauti ya pili, kwa furaha.

Alikwenda hadi ofisi ya dayosisi kumtafuta Ayubu, mtunza hesabu, ambaye ndiye mtu pekee aliyemjua mwenye kuelewa kompyuta. Wakamwambia amesafiri kikazi, atarudi wiki ijayo.

Asubuhi akaenda Ngenge na mkanda usio na sauti. Hakuweza kutokwenda.

Ukoo ulikuwa umekaa. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa kwenye kikapu kidogo, kila mtu akachukua yake. Televisheni ya kukodi iliwekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, jenereta ikanguruma nyuma ya nyumba. Kokubanza alipiga magoti mbele ya Rwegasira, mzee mrefu mwenye kanzu na koti, akamweleza.

"Haina sauti?" Rwegasira akauliza.

"Sauti ipo ndani ya kompyuta, Ta Rwegasira. Imejificha. Sijaweza kuiamsha."

"Tuione hivyo hivyo."

Wakaiona. Skolastika alitokea, shuka lake likiwa kifuani, akazungumza na ukoo wake wote bila kutoa mlio. Yoeli alikwenda akaweka mkono kwenye kioo, akaondolewa taratibu.

"Anasema Kashozi," Rozi alisema. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na mikono aliikunja sana. "Tazameni midomo. Kashozi, wote wawili. Aliniambia mimi."

"Ma Rozi, midomo inasema mengi," mzee alijibu, si kwa ukali.

Kokubanza akasema, "Nilimsikia kwa masikio yangu, waitu. Alisema wasitenganishwe."

Rwegasira alimgeukia. "Mama, sikukatalii. Wewe ni mtu wa kanisa, huwezi kuja kutudanganya matangani. Lakini wewe si wa ukoo, na Rozi ni wa upande wa mke. Marehemu aliniambia tutamsikia yeye. Nimeweka masikio hapa mbele ya watu wote, sikumsikia. Nitatoaje watoto wa mdogo wangu kwa midomo?"

Basi wakagawanywa kama ilivyokuwa imezoeleka kugawanya. Buberwa, mdogo wa mwisho wa Rwegasira, mchuuzi wa samaki kisiwani Bumbire, mkewe Minza alikuwa karibu kujifungua. Akapewa Felicitas akasaidie nyumba. Yoeli bado mdogo, hana kazi anayoiweza, akapewa Rozi.

Kokubanza alimkuta binti nyuma ya jiko, anafunga vitu vyake ndani ya lile shuka la mistari myekundu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Hakuna ubaya, mama." Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Mimi nilitaka tu nimsikie anavyoniita. Ana namna yake ya kuniita. Nimeanza kuisahau."

Maneno hayo Kokubanza alirudi nayo Bukoba, yakakaa naye mezani, yakaenda naye kanisani.

Ayubu aliporudi alikuja na kofia mkononi, mtu mnene, mpole, anayeongea polepole. Alikaa kwenye kiti cha Bartholomayo, akatazama, akauliza maswali. Kisha akauliza lililo dogo kuliko yote.

"Skrini uliyokuwa nayo, ilikuwa kubwa kuliko hii?"

"Ilikuwa kubwa."

"Basi, mama, ukurasa wako haujaingia wote humu. Hii ni sawa na kuchungulia ukumbi kwa tundu la ufunguo. Kuna upande wa kulia upo, ila sisi hatuuoni. Huo mshale wako haujaenda popote."

Akatuma iletwe skrini ya ofisini kwake, wakaichomeka. Ukurasa ukafunguka kwa upana wake, na kule pembeni, juu, kulia kabisa, mshale mdogo ulikuwa umekaa mahali pake. Kokubanza aliugusa. Mkono wake ulijua kilichobaki. Kwaya ikasogea chini, picha ikasogea juu, na katikati yao mstari wa Skolastika ukatokea, mrefu, umepanda na kushuka.

Ayubu alisimama. "Nitakuwa hapo nje," akasema, akavaa kofia.

Kokubanza aliifungua sauti, na safari hii akaisikiliza yote. Ilimbidi ajue kama imekamilika. Ilikuwa imekamilika. Ilipofika sehemu ya mama na binti yake, alilaza kichwa juu ya meza, karibu na spika, kama mtoto anayesimuliwa hadithi, na hakujua tena analia kwa ajili ya nani.

Alitoa mikanda kadhaa. Wa kwanza aliupeleka kwa Rwegasira, wakautazama wawili tu. Mzee alisikia ukoo ukitajwa, akasikia jina lake, akasikia Kashozi. Akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa."

"Sasa, Ta Rwegasira?"

"Sasa binti yuko kwa Buberwa, na Minza amejifungua kwa shida, yuko kitandani. Nikituma mtu amchukue leo, nimemwachia mdogo wangu mgonjwa na kichanga. Siku ile ingekuwa neno moja tu. Leo ni kubomoa. Mpelekee binti mkanda wake. Hilo haliwezi kungoja."

Kokubanza akashuka Muleba hadi mwaloni, ufukoni mwa mitumbwi, akapanda mtumbwi wa injini pamoja na wachuuzi na magunia ya chumvi, mkanda ameufunga kifuani kwa kanga. Hakuwa amewahi kuvuka. Njia nzima aliimba moyoni ili asiyatazame maji.

Kisiwani kote televisheni ilikuwa moja, kwenye banda la mabati la Mustapha, yuleyule jirani yake wa zamani. Mchana ule wavuvi waliokuwa wamelala asubuhi walijaa humo kwenye mabenchi wakitazama watu wakipigana mateke. Mustapha alimsikiliza mlangoni, akaingia, akachomoa mkanda wao kwenye deki.

"Eh, Mustapha," alilalamika mmoja, Masalu, Msukuma mwenye mabega mapana. "Jamaa alikuwa ndiyo kwanza anakasirika."

"Atakasirika baadaye."

Felicitas aliitwa. Alikuja anakimbia kutoka kwenye vichanja vya dagaa, magamba yamemng'aa mikononi hadi viwikoni, na nyuma yake Buberwa, ambaye hakuingia, alisimama mlangoni. Picha ikatokea: mwanamke amekonda, mkekani, kwenye jua.

"Mama, huyu naye anapigana na nani?" Masalu akauliza, na wawili watatu wakacheka.

"Nyamaza, Masalu," Mustapha alisema. "Huyo ni mama yake yule binti anayelea kwa Minza. Ameshazikwa."

Masalu akavua kofia.

Skolastika akaanza kusema. Felicitas alisogea mpaka mbele ya televisheni akapiga magoti kwenye mchanga, mikono mapajani, kama binti wa Kihaya anavyomwamkia mama yake asubuhi, na akabaki hivyo. Ukoo ukatajwa. Kashozi ikatajwa, mlangoni Buberwa aliinamisha kichwa. Kisha sauti ikashuka, ikawa ya ndani ya nyumba.

"Feliii," ilisema, ikilivuta jina mwishoni kama mtu anayeita kutoka mbali ingawa yuko karibu. "Feliii wangu."

Binti alitikisa kichwa mara nyingi, haraka, kama mtu aliyekumbushwa njia.

Wavuvi wengi hawakujua Kihaya, lakini hakuna aliyejongea. Masalu aliinama akamnong'oneza Kokubanza, "Anamwambia nini?"

"Anamwambia amfunike mdogo wake usiku. Anasema mtoto huyo hujifunua. Anasema, 'Usiponiona, mfunike wewe, nami nitajua.'"

Masalu akawaeleza wenzake kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Mmoja akauliza kitu. Masalu akamgeukia tena Kokubanza.

"Mdogo wake yuko wapi?"

"Yuko Kashozi."

Hakulitafsiri hilo. Lilieleweka.

Mkanda ulipokwisha, Felicitas aliomba arudishiwe pale anapoitwa. Mustapha akarudisha. Akaomba tena, naye akarudisha tena, mpaka jenereta ilipokohoa ikazimika, banda likawa kimya, na mawimbi yakasikika.

Walikaa nje, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. "Yoeli anafunikwa na nani?" binti aliuliza.

"Na Ma Rozi."

"Ma Rozi hajui. Yoeli unamfunika mara ya kwanza, analitupa shuka kwa makusudi. Lazima umfunike mara ya pili, ndipo analala." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, bila kelele, na magamba ya mikono yake yakamgandia usoni alipojifuta.

Buberwa alikuja akachuchumaa pembeni yao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Nimesikia, mama," alimwambia Kokubanza. "Minza akipata nguvu, nitamvusha mwenyewe. Siwezi kusema ni lini."

Felicitas alikwenda nyumbani kwa Buberwa, akarudi na lile shuka la mistari myekundu, limekunjwa.

"Mpelekee."

"Na wewe utajifunika nini, mwanangu?"

"Huku kuna joto," alisema, na upepo wa ziwa ulikuwa unampeperusha gauni.

Kokubanza alifika Kashozi kesho yake mchana, kengele ya misheni ikilia. Rozi alimpokea kwa magoti, akamletea kahawa, akalichukua shuka na kulinusa.

"Lina dagaa na moshi, waitu. Ngoja nilifue kwanza."

Yoeli alikuwa amekaa kizingitini. Rozi alikuwa amesema kwamba tangu aje hazungumzi, labda aombe maji. Alisimama, akalivuta shuka kutoka mikononi mwa mama yake mkubwa, akaliweka puani.

"Usifue," akasema.

Akalitandaza mkekani, mchana kweupe, kuku wakipita. Akajilaza, akajifunika mpaka kichwani. Kidogo tu, akalisukuma kwa mguu, likaanguka pembeni, na yeye akabaki wazi, amefumba macho kwa nguvu, anangoja.

Kokubanza aliweka kikombe chini, akapiga magoti, akamfunika mara ya pili.